Nongo Katika Vichupa

Yule msichana sikumwamini tangu siku aliyoingia, na kusema kweli hata wifi yangu Manubia sijawahi kumwamini katika miaka ishirini na sita. Msinilaumu. Kazi yangu ni kulinda nguo. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye benchi la mlangoni, hamamu ya kuogea mvuke, zamu ya wanawake, kichochoro cha wafua sufi, mji mkongwe wa Tunis. Mlinda nguo akianza kuamini watu, jioni kuna mwanamke atarudi kwake pekupeku. Nimemwona mke wa mwalimu mkuu akitia bangili ya mwenzake mfukoni huku anapiga bismillahi. Mimi ni Wasila, lakini nikigeuka tu wananiita Forodha, wanadhani sisikii.

Manubia ni mjane wa kaka yangu Larusi, na humo hamamuni ndiye harza, yaani msuguaji. Mteja akishakaa kwenye mvuke mpaka ngozi imelainika, hulala juu ya jiwe, na Manubia huvaa glovu yake ya manyoya akamsugua kuanzia shingoni hadi kisiginoni, nongo zikatoka nyeusi, nyembamba kama tambi. Ana mkono mzito na mdomo mwepesi wa kufunga. Anajua nani ana uvimbe, nani ameanza kuvimba tumbo kabla ya harusi, nani ziwa lake limekatwa, na hata mimi niliyekaa naye nyumba moja sijawahi kumtoa neno. Nilijaribu sana. Mtu asiyesema ya watu, mie huwa najiuliza anaficha nini cha kwake.

Na alikuwa na vituko. Alikuja bibi harusi wa miaka ishirini kutoka milima ya Kef, na siku ya kuogeshwa mimi mwenyewe ndiye niliyemmwagia maji. Mgongo laini, hauna doa, sina la kusema. Baada ya mwezi akaanza kudai mvuke unampasua kichwa. Hamamu hakanyagi tena. Anaogea beseni chumbani, mlango umefungwa kwa komeo. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuacha kumpiga vijembe, eti mficha uchi hazai. Na kweli hakuzaa. Larusi hakumwacha kwa hilo, na mtaa mzima ukamsifu kaka yangu kwa subira. Alikuwa mshona kofia nyekundu, sauti yake hata kuku haimshtui, na majira ya yasmini hakosi kumletea mama kishada. Alipokufa kwa ugonjwa wa moyo, maduka ya kofia yalifungwa siku nzima.

Sasa sikilizeni. Manubia alipotoka eda tu, kichwa kikapona. Miaka kumi na minne mvuke ulikuwa unamuua. Mume kazikwa, mvuke umekuwa dawa. Akaja kwa Bi Beya, harza mzee aliyekuwepo, akaomba amfunze kazi. Nikajisemea, kichwa gani hiki kinachopona kwa kufiwa? Maharza wote hufunga shuka kiunoni, maana joto la mle ndani si mchezo. Huyu anaifunga juu, chini ya makwapa, imembana kama bahasha. Na saa kumi na moja, wateja wakishatoka na kabla zamu ya wanaume haijaanza, anajifungia ndani robo saa aoge peke yake. Nilidhani anaiba sabuni. Nikawa nahesabu vipande, nakuta vimetimia, na shaka haikuniisha hata kidogo.

Basi msimu wa baridi uliopita akaja huyo Yosra. Ukoo wao zamani ulikuwa wa hapa hapa kabla hawajahamia Marsa kwenye hewa ya bahari. Msichana wa miaka thelathini na kidogo, nywele kazikata kama mvulana, miwani mikubwa. Aliniambia yeye ni msanii, anatengeneza video na vyumba. Nikamuuliza vyumba vya kupangisha? Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimpekua mfuko wake kila alipokuja, na simu yake nikawa naikalia mimi mwenyewe kwa makalio yangu, maana sheria ya hapa ni kwamba simu haipiti pazia la pili. Alikuwa analala juu ya jiwe kama wengine, lakini anauliza maswali. Mtu hulala pale kusuguliwa, si kuuliza. Nasikia vicheko vyao nyuma ya pazia, na Manubia si mtu wa kucheka.

Jumatatu hamamu hufungwa, tanuri linasafishwa, na ufunguo hukaa kwa Manubia, kwa kuwa yeye ndiye anayesugua mawe. Jumatatu moja nilikuwa natoka kununua maharagwe, nikamwona Yosra anatoka kwenye ule mlango mdogo wa nyuma na begi kubwa begani. Nywele mbichi. Nikamkabili Manubia siku hiyo hiyo. Akaniambia msichana alikuja kumsaidia kusugua. Nikamuuliza kusugua nini. Akasema kusugua, wifi, kusugua tu, akaendelea kupara samaki.

Mwezi wa nne likafunguliwa hilo onyesho, katika nyumba moja kubwa ya zamani nyuma ya soko la ngozi, isiyokaliwa na mtu. Bure, yeyote aingie. Mtu wa kwanza wa kwetu kwenda alikuwa Zakia, fundi cherehani, ambaye haachi kitu cha bure kimpite. Alirudi mbio mpaka kwenye benchi langu, midomo imemkauka, akaomba maji kwanza. Kisha akasema mle ndani kuna mwili wa mwanamke umetandazwa ukuta mzima, unasuguliwa, na kwenye rafu kuna vichupa vya kioo vimejaa nongo.

Kwa mtu wa mbali pengine hiyo ni karaha tu. Kwetu ni jambo lingine kabisa. Nywele, kucha, nongo, havitupwi ovyo, maana nongo ya mtu ni mtu mwenyewe. Akiipata asiyekutakia mema, anakufunga uzazi, anakufunga riziki, anakuharibia ndoa ukiwa umekaa kwako unakula. Ndiyo maana harza hamwiti mteja wa pili mpaka amelimwagia jiwe maji mara tatu na kuona kila kitu kimeshuka kwenye tundu la maji machafu. Tunalala uchi mbele yake kwa sababu ya yale maji mara tatu. Sasa vichupa! Nani mwenye mkono kwenye nongo za mtaa huu kama si Manubia?

Tulikwenda wanawake tisa, mimi mbele. Mlangoni wakatuvua viatu. Chumba kilikuwa na giza, joto, kimemwagiwa maji, wametengeneza jiwe la kukalia lina moto kwa chini. Shuka tatu nyeupe zimening'inia toka darini, na juu yake picha: ngozi. Ngozi imesogezwa karibu mno, hujui ni bega au ni paja, vinyweleo vinaonekana kama miche. Mkono wenye glovu unapita, unarudi, nongo zinajikunja, na pumzi ya mtu inasikika chumba kizima, anapumua kama analia au kama anasinzia. Nilitaka kutoka, na wakati huo huo sikuweza kutazama kando. Nilikasirika kwa hilo zaidi ya yote.

Kisha zikaanza kelele. Zakia akaona doa kwenye picha, akasema lile ni bega lake, doa lake la tangu kuzaliwa. Bi Salua akasema mtu asimdanganye, ile ni michirizi ya nyonga za binti yake, anayeolewa mwezi ujao, na kama mkwe akisikia amekwisha. Mwingine akaona mshono wake wa kujifungua. Sisi tumeoga pamoja tangu utotoni, miili ya wenzetu tunaijua kuliko sura zao, basi kila mmoja alimwona mtu. Wanawake tisa, mwili mmoja, na kila aliyeangalia akaapa kwa Mungu ni wake au wa jirani yake. Vichupa nilivihesabu: kumi na kimoja, kila kimoja kimebandikwa tarehe. Tarehe zote zilikuwa Jumatatu.

Kijana wa kike aliyekuwa akilinda pale alitusihi tutulie. Alisema mwili ni wa mtu mmoja tu, amekubali kwa hiari, nongo ni zake mwenyewe, ila hataki jina lake litajwe. Bi Salua akamwambia hayo akamweleze mama yake. Tukatoka bila kumaliza, na njia nzima jina lilikuwa Manubia, Manubia. Mmoja akasema kikulacho ki nguoni mwako, na akaniangalia mimi, kwa sababu ni wifi yangu na nguo ndiyo kazi yangu.

Wiki ile hamamu ilikauka. Jumanne wateja watatu, Jumatano hakuna. Bi Naziha, mwenye hamamu, ni mtu wa maneno machache. Alimwita Manubia mbele yangu akamwambia ana mpaka Alhamisi adhuhuri aseme mwili ule ni wa nani, mbele ya wanawake wenyewe. Asiposema, arudishe ufunguo aende zake, na hakuna hamamu nyingine mji mkongwe itakayompokea. Manubia alijibu neno lile lile kila alipoulizwa, kwamba mle hamna nongo ya mtu wa hapa aliyemwamini. Basi ni ya nani? Anachukua ndoo yake anaondoka. Nilimwambia nyumbani, mwanamke wee, una miaka arobaini na sita, huna mtoto, huna mume, ukikosa mkono huu utakula nini? Akasema anajua atakula nini. Nikaona kiburi cha watu wa milimani. Nikajiapiza nitamkamata mimi mwenyewe na ushahidi mkononi.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi nilirudi kule peke yangu. Yule mlinzi alinitambua, akasogea nyuma kidogo. Nikamwambia sikuja kupiga kelele. Akaniambia basi kaa mpaka mwisho, mama, ni dakika ishirini na mbili, siku ile hamkufika mwisho. Nikaketi kwenye lile jiwe la moto na magoti yangu mabovu. Nikatazama mabega, nikatazama ubavu, natafuta alama, najua alama za nusu ya mtaa. Na kweli, karibu na mwisho, picha ikaanza kurudi nyuma. Polepole. Ile michirizi aliyoiona Bi Salua haikuwa ya nyonga. Ikawa mgongo mzima.

Yalikuwa makovu. Marefu, yamepishana, ya zamani, yamekuwa meupe. Na kila moja mwishoni lina alama ndogo ya pembe nne na vitundu viwili kando. Bizimu. Nikaijua. Ilikuwa ya mkanda wa jeshi wa baba yetu, bizimu ya shaba yenye meno mawili. Baba alipokufa mimi nilirithi cherehani na Larusi akarithi mkanda. Nilikwenda kumtafuta wifi yangu kwenye ile shuka, nikamkuta kaka yangu.

Mlinzi aliniletea maji, nikayakataa. Nitasema kama ilivyo, sina sababu ya kujipamba. Nyumba yetu ilikuwa moja, wao chini kando ya uani, mimi na mume wangu juu. Jumapili baada ya chakula nilikuwa nasikia mshindo, kisha kimya, kisha mshindo. Nikamwambia mume wangu, Manubia anakung'uta zulia. Jumapili nyingi. Zulia lenyewe lilikuwa moja, dogo, na halikuwahi kuonekana kwenye kamba. Mimi ninayeshuku mfuko wa kila mwanamke mtaani, zulia lile sikulishuku. Mara moja nilimkuta uani akiteka maji, nikamuuliza kama zulia limetakata. Akasema limetakata, wifi.

Usingizi sikuupata. Sikumfikiria Manubia peke yake, ningesema hivyo ningekuwa mwongo. Nilimfikiria Larusi, kaburi lake kule makaburini Jellaz, watu wanaosimama pale wakimwombea, wanaosema hakuna mume kama yule. Nikapiga hesabu zangu mpaka alfajiri nikaona njia moja ya kuwaokoa wote wawili.

Alhamisi adhuhuri wanawake walikuwa wamejaa kwenye chumba cha kupumzikia, wamevaa nguo zao, hakuna aliyekuja kuoga. Bi Naziha kakaa katikati. Manubia alisimama karibu na pazia na shuka yake ile ya kubana, kama siku yoyote ya kazi. Akaulizwa kwa mara ya mwisho. Akakaza fundo la shuka. Nikainuka kwenye benchi langu.

"Msimsumbue. Ule mgongo ni wangu," nikasema.

Nikawaambia kwamba msichana alinibembeleza, kwamba Manubia alinisugua zile Jumatatu na nikamwapisha asiseme, kwamba michirizi ni ya unene wa zamani na umri. Na wakaamini. Kwa nini wasiamini? Tangu magoti yaharibike naogea kwa binti yangu anayekaa Ariana, miaka kumi hakuna aliyeniona mgongo. Zakia ndiye alianza kucheka. Akasema, "Forodha! Unapekua mabegi yetu kumbe wewe ndiye unayepitisha magendo!" Wakaangua kicheko wote, hata Bi Salua, huku anafuta machozi kwa kuwa binti yake amepona. Mmoja akasema mwili wa kizee kama wangu hata mchawi hautaki. Nilivumilia. Nilikuwa nimefurahi, nisifiche. Nilijiona mtu mwema. Kazi ya Manubia imebaki, jina la kaka yangu limebaki, na gharama yake ni kicheko tu.

Nikamwangalia wifi yangu nione shukrani.

Hakuwa na shukrani. Alikuwa ananiangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyekutwa na mkono kwenye mfuko wa mwingine, na mtazamo ule naujua, ni wangu, nimewaangalia nao watu miaka ishirini na miwili. Akasema taratibu:

"Hata mgongo huu, wifi? Hata huu mnachukua?"

Kicheko kikaanza kufa, kimoja kimoja. Zakia akauliza ana maana gani. Manubia akateremsha upande wa juu wa shuka yake, akaushika kiunoni kama wanavyofunga maharza wengine wote, akageuka. Nuru ya dirisha la juu ilimwangukia moja kwa moja. Hakukuwa na haja ya picha kurudi nyuma.

Alisema akiwa ametugeuzia mgongo. Alisema Yosra alimuuliza jambo ambalo hakuna mwanamke kati yetu aliyewahi kumuuliza, kwamba wewe unayesugua watu, nani anakusugua? Na kwamba Jumatatu ya kwanza alilala juu ya jiwe akatetemeka mpaka yule msichana akaacha, wakakaa tu, na ya pili ndipo akasuguliwa. Hakuwa ameguswa mgongo kwa wema tangu siku ya kuogeshwa harusi. Zile nongo, alisema, ni za miaka ishirini na sita, na alitaka watu wazione, ila hakutaka kutajwa, kwa sababu angetajwa yeye, mwingine pia angetajwa, na sisi tungemchagua yule mwingine. "Mkanda ulikuwa wa Larusi," akasema. "Mlimlilia nyote. Mimi pia nililia, mkidhani ni kwa ajili yake."

Hakuna aliyetaja uchawi wala vichupa tena. Bi Salua alikaa chini sakafuni, mwanamke mnene vile, akajifunika uso. Bi Naziha alisema tu, "Basi, Manubia. Basi, mwanangu." Mimi nilikuwa bado nimesimama mbele yao na uongo wangu, sijui niuweke wapi.

Zakia ndiye aliyenigeukia. Mzaha ulikuwa umemtoka wote.

"Wasila," akasema, "ninyi mlikaa nyumba moja, uani mmoja. Miaka kumi na minne. Hukusikia?"

Nikasema sikusikia kitu. Nikaapa, nikaweka mkono kifuani. Na nikaona hakuna hata mmoja aliyekuwa ananiangalia mimi. Wote walikuwa wamemgeukia Manubia, wanangoja yeye awaambie kama nasema kweli.

Alipandisha shuka yake, akaifunga, bila haraka.

"Alisikia," akasema.